Picha Inayomwonyesha Mtu Mwenyewe

Katika nyumba nyingi za Uvira, na katika vijiji vya pwani tangu Kavimvira hadi Makobola, mgeni akikaribishwa ndani huona ukutani picha ya mzee aliyefariki. Ni picha kubwa, nayo imetiwa katika fremu yenye kioo. Ukiitazama vizuri watambua kwamba ni ile ndogo ya kadi ya mchaguzi, iliyokuzwa upesi siku ya matanga kwa sababu haikupatikana nyingine. Macho yametumbuliwa, mdomo umefungwa, mabega yamekazwa kama ya mtu anayehojiwa. Watoto wa marehemu hukubali kwamba uso ni wa baba yao, kisha huongeza: “Lakini baba hakuwa hivyo.”

Neno hilo la watoto lastahili kufikiriwa. Latuambia kwamba picha yaweza kuwa sahihi kabisa kwa pua, kwa masikio na kwa makunyanzi, na hata hivyo isimwonyeshe mtu. Basi, kilichokosekana ni nini? Na mpiga picha, au kijana mwenye simu mkononi, aweza kufanya nini ili kisikosekane?

Kazi mbili za picha

Yafaa kwanza tutenganishe kazi mbili. Picha ya kadi ina kazi yake, nayo ni ya lazima. Tangu uandikishaji wa wachaguzi wa mwaka 2005, kadi hiyo imekuwa kwa raia wengi wa Kongo kitambulisho cha kila siku. Huonyeshwa kwa askari wa barabarani, huonyeshwa benki na ofisini. Kwa hiyo watu wote hupigwa namna moja, uso mbele, bila kucheka, ili anayeishika kadi aweze kulinganisha uso na uso. Tabia ya mwenye kadi haihitajiki, nayo huachwa nje ya mlango.

Picha ya kukumbuka ina kazi nyingine. Hiyo hutafuta kilicho cha mtu huyo peke yake: namna anavyoinamisha kichwa akisikiliza, vidole vinavyoshika kidevu, tabasamu linaloanzia machoni kabla ya kufika mdomoni. Hayo ndiyo tunayoyakumbuka tunapomtaja mtu asiyekuwapo. Hakuna mtoto anayemkumbuka mama yake kwa urefu wa pua.

Watu wa nchi hii wana sababu ya kuijua tofauti hiyo. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyekuja kukaa Léopoldville mwaka 1924, alizunguka Kongo na nchi jirani akipiga picha za watu, nazo zikauzwa kwa wingi kama kadi za posta. Alikuwa fundi hodari. Mwanga umepangwa vema na kila unywele waonekana. Lakini chini ya nyingi ya picha hizo limeandikwa jina la kabila tu, pasipo jina la mtu. Mama aliyekuwa na watoto wake, na madeni yake, na utani wake na mashemeji, akageuzwa kielelezo cha kabila zima. Ufundi haukukosekana hapo. Lililokosekana ni swali dogo ambalo kila mwenye adabu humwuliza mgeni: “Jina lako nani?”

Fundi wa Bamako

Mbali na hapa, huko Bamako, mji mkuu wa Mali, alikuwako mtu aliyefanya kazi hiyo kwa namna nyingine. Jina lake Seydou Keïta. Alianza maisha kama seremala. Mwaka 1935 mjomba wake alimletea kamera ndogo ya Kodak Brownie aliporudi kutoka Senegali, na mwaka 1948 Keïta akafungua studio yake nyumbani. Hakuwa na taa kubwa. Alitumia nuru ya mchana uani mwake, akitundika nyuma ya mteja shuka yenye maua. Mara nyingi alipiga picha moja tu kwa kila mteja, kwa maana filamu ilikuwa ghali. Alifariki mwaka 2001, na leo picha zake hutazamwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani.

Siri ya picha hizo ni nini? Watu walifika kwake wamevaa walivyopenda, nao waliweza kuazima kwake saa ya mkono, redio, au suti. Yeye aliutengeneza mkao, akageuza bega kidogo, akaupa mkono mahali pa kupumzika. Hivyo picha ikawa kazi ya watu wawili: mteja alisema anavyotaka kuonekana, na fundi akamsaidia kuonekana hivyo bila kukakamaa.

Labda mwanafunzi mmoja atapinga, akisema kwamba kushika redio ya kuazima ni uongo. Tumjibu kwamba matumaini ya mtu nayo ni sehemu ya nafsi yake. Kijana aliyeazima saa ili apigwe picha ametuambia jambo la kweli juu yake: kwamba anatazamia kuwa mtu wa saa, mtu wa kazi na mpango. Kinachodanganya ni mkao ambao mteja hakuutaka wala hakuuelewa, aliolazimishwa na mtu mwenye haraka.

Uso wa Churchill

Lakini tusidhani kwamba uso hujieleza wenyewe kila mara. Tarehe 30 Desemba 1941, katikati ya vita kuu, Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alihutubia bunge la Kanada mjini Ottawa. Baada ya hotuba alikutana na mpiga picha Yousuf Karsh, Mwarmenia aliyehamia Kanada akiwa kijana. Churchill alikuwa na sigara kubwa kinywani, wala hakutaka kuiweka chini. Karsh akamwendea, akamwomba radhi, akamnyofolea sigara hiyo mdomoni, kisha mara akapiga picha. Churchill akatokea amekunja uso kama simba. Dunia iliitazama picha hiyo ikaona ndani yake ushupavu wa taifa linalopigana vitani. Kumbe hasira ile ilikuwa ya mzee aliyenyang'anywa sigara! Dakika chache baadaye Karsh akampiga picha nyingine, naye anatabasamu.

Picha ipi ni ya kweli? Bila shaka zote mbili. Ila yule asiyemjua mtu hatajua ipi iwekwe ukutani. Kwa sababu hiyo ndugu wa nyumbani, ajapokuwa na simu ya bei ndogo, ana kitu ambacho mgeni mwenye mashine ya thamani hana: anajua jinsi mzee anavyokuwa siku zote, na jinsi anavyokuwa siku moja moja.

Nuru ya Uvira

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mji wetu umepewa nuru ya ajabu, na yafaa kuielewa. Asubuhi jua hutokea upande wa Burundi, ng'ambo ya ziwa, na maji huurudisha mwanga wake kwa ukali. Mtu akisimamishwa kulitazama ziwa saa hiyo hukunja macho, na picha humwonyesha kama mwenye ghadhabu. Mchana jua la utosini huweka kivuli cheusi machoni, hata macho yasionekane. Lakini alasiri milima ya Mitumba, iliyosimama karibu nyuma ya mji, hulificha jua kabla halijatua. Kivuli chake hushuka polepole mpaka ufukoni, hali milima ya Burundi bado yang'aa. Wakati huo mwanga ni mpole, nyuso hulegea, na ua lolote la Uvira huwa studio bila malipo.

Kama haiwezekani kungoja alasiri, mweke mtu mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, akitazama nje. Nuru ya uani itaangaza uso wake, na giza la chumba litakaa nyuma yake. Njia hii yafaa hasa kwa nyuso nyeusi. Mashine hupima mwanga wa mahali pote. Ikiona ukuta mweupe au maji yanayong'aa nyuma ya mtu, hupunguza nuru, na uso huwa kama doa la wino. Kwa simu nyingi, gusa mahali pa uso kwenye kioo chake kabla ya kupiga; mashine itaupima uso badala ya ukuta. Watengenezaji wa filamu za rangi walitumia kwa miaka mingi kadi za majaribio zenye sura ya mwanamke mweupe, na rangi zote zikapimwa kwake. Ndiyo maana wazee wetu katika picha nyingine za zamani wana meno na macho tu. Hitilafu haikuwa ya ngozi zao.

Subira na mazungumzo

Nuru ikiisha kupatikana, imebaki kazi ngumu zaidi, nayo ni kungoja. Zamani watu walingoja kwa sababu ya mashine. Katika miaka iliyofuata 1839, picha za Daguerre zilipotangazwa Ufaransa, mtu alitakiwa kutulia muda mrefu bila kutikisika, na mara nyingine kichwa chake kilishikwa kwa chuma kilichofichwa nyuma ya shingo. Nani angetabasamu hivyo? Siku hizi mashine haihitaji hata sekunde moja, lakini moyo wa mtu bado wahitaji dakika kumi.

Tumchukue kwa mfano mama anayeanika ndagala mchangani. Kijana amjia na kusema: “Mama, naomba nikupige picha.” Naye ajibu: “Ngoja basi, mwanangu, nikavae vizuri.” Kijana asiye na hekima hukataa, akidhani kwamba nguo za kazi ndizo za kweli na kitenge cha sikukuu ni unafiki. Mwenye hekima hungoja. Humpiga picha ya kwanza jinsi mama atakavyo, amesimama katika kitenge chake kipya, mikono imeshuka. Kisha haendi zake. Huketi, huuliza habari za samaki wa usiku, huuliza bei ya sokoni Mulongwe, husikiliza. Mama akianza kueleza, mikono yake huinuka yenyewe, na uso wake humrudia. Hapo ndipo picha ya pili hupatikana. Na ampe zote mbili, kwa maana zote ni zake.

Vivyo hivyo kwa mtoto wa Komunyo ya kwanza. Wazazi humsimamisha juani na mshumaa wake, wakimwambia asitikisike, mpaka anakuwa kama sanamu ya plasta. Wakiisha kupata picha hiyo, wamwache akae na wenzake. Mtoto anayemnong'oneza mwenzake huku ameshika mshumaa atatambulikana hata baada ya miaka hamsini.

Jina nyuma ya picha

Kuna jambo moja la mwisho, nalo pwani hii imelijifunza kwa uchungu. Vita vya 1964, vya 1996 na vya 1998 viliwakimbiza watu bila mizigo, na masanduku ya picha yalibaki nyuma. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Na katika miaka hiyo hiyo ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za ufukoni. Fremu, albamu na bahasha vilikwenda na maji. Picha iliyomo katika simu moja tu nayo haina usalama. Simu huanguka ziwani, simu huibiwa.

Kwa hiyo picha njema ipelekwe studio itolewe katika karatasi, nakala mbili au tatu, moja kwa ndugu wa Bukavu, moja kwa shangazi aliye Bujumbura. Na nyuma yake iandikwe kwa kalamu ya risasi jina kamili la mtu, mahali, mwaka na kazi aliyokuwa akiifanya. Bila maneno hayo, wajukuu watarithi kadi nyingine ya posta: uso mzuri, hakuna jina.

Ndugu msomaji, pengine unaye nyumbani mzee ambaye picha yake pekee ni ile ya kadi. Alasiri moja wiki hii, kivuli cha mlima kikiisha kushuka, mwekee kiti uani, keti naye, mwulize habari za ujana wake. Simu iwe tayari gotini, lakini usiinue upesi. Mwache kwanza afike penye hadithi anayoipenda.