Jedwali Halijui Kusema "Lakini"

Afrika ina nchi ngapi? Nikiwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha pili hapa Tanga, wengine hujibu 54, wengine 55, na kila upande una ushahidi wake. Umoja wa Mataifa una wanachama 54 kutoka Afrika, Umoja wa Afrika una 55. Anayezidi ni Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara, iliyotangazwa na harakati ya ukombozi ya Polisario tarehe 27 Februari 1976. Tanzania iliitambua mwaka 1978. Moroko inasema ardhi hiyo, Sahara Magharibi, ni yake. Wanafunzi hawana haja na maelezo yote hayo. Wanataka namba ya kuandika kwenye mtihani.

Kamusi elezo za intaneti zinabanwa na swali lilelile, tena zenyewe zinasahihishwa na dunia nzima kwa wakati mmoja. Najua kidogo habari zake kwa sababu usiku, umeme ukiwepo na bando likiwepo, huwa nahariri makala za nchi na miji katika Wikipedia ya Kiswahili.

Enzi za vitabu mambo yalikuwa mepesi. Biafra ilijitenga na Nigeria tarehe 30 Mei 1967. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikawa nchi ya kwanza kuitambua, tarehe 13 Aprili 1968. Kufikia 15 Januari 1970 Biafra haipo tena. Mhariri wa ensaiklopidia ya karatasi aliweza kukaa kimya tu, na chapa mpya ilipokuwa tayari vita vilishaamua kwa niaba yake. Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001, haina pa kujificha. Kosovo ilipojitangazia uhuru Jumapili ya tarehe 17 Februari 2008, mtu yeyote mwenye kompyuta angeweza kubonyeza "hariri" na kuifanya nchi, na jirani yake akabonyeza tena na kuirudisha kuwa jimbo la Serbia.

Kwa hiyo zikawekwa kanuni. Katika Wikipedia ya Kiingereza mhariri haruhusiwi kutengua kazi za wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Ukurasa ukichemka sana, wakabidhi, yaani wasimamizi, huulinda, na katika mada nyeti mno wanaobaki na ruhusa ya kuugusa ni wenye akaunti ya angalau siku 30 na mahariri 500. Waliobaki wanahamia ukurasa wa majadiliano. Atakaye kujua siasa za Balkani zilivyo kali aache kwanza makala yenyewe, asome majadiliano.

Kanuni kubwa zaidi ni kwamba mhariri si hakimu. Haulizwi kama Kosovo inastahili kuwa nchi. Anaulizwa: nani alitangaza, lini, nani amekubali, nani amekataa, na chanzo chako kiko wapi? Hapo sentensi inasaidia sana. Sentensi inaweza kusema kwamba Kosovo ilitangaza uhuru, Serbia haikubali, nchi nyingi zimeitambua na nyingine nyingi hazijaitambua, na kwamba tarehe 22 Julai 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kuwa tangazo lile halikuvunja sheria ya kimataifa. Msomaji wa Belgrade na wa Pristina wote watanuna, ila hakuna atakayesema amedanganywa.

Ugomvi wenyewe uko kwenye jedwali. Lile la pembeni mwa makala, lenye bendera, mji mkuu, jina la rais, eneo, idadi ya watu. Jedwali halijui kusema "lakini". Ukiweka bendera, umeiweka. Ukiandika "uhuru kutoka" lazima utaje kutoka kwa nani. Ramani nayo ni vivyo hivyo. Katika Wikipedia desturi ni kupaka kijani kilichokolea pale serikali inapotawala, na kijani hafifu pale inapopadai bila kupashika; nimeshuhudia watu wazima wakibishania vivuli viwili vya rangi moja kwa wiki nzima. Tusiwacheke. Februari 2012 Serbia na Kosovo zenyewe, kwa usuluhishi wa Umoja wa Ulaya, zilikubaliana kwamba jina la Kosovo katika mikutano ya kikanda liandikwe na alama ya nyota, na chini yake maelezo kwamba jina hilo haliathiri msimamo wa yeyote. Wanadiplomasia walisafiri kwenda Brussels kujadili nyota.

Namba nazo zina mtego. Somaliland ilijitangaza tarehe 18 Mei 1991, na kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo haikutambuliwa na mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa, ingawa ina serikali, shilingi yake, pasipoti na uchaguzi. Ukiipa mstari wake katika orodha ya nchi za Afrika kwa ukubwa, na Somalia ukaiachia kilomita za mraba 637,000 na zaidi kama zilivyo vitabuni, Somaliland umeihesabu mara mbili. Ukiipunguzia Somalia, umechora mpaka mwenyewe.

Mbinu ninayoivulia kofia ni ya kutenganisha ardhi na madai. Kuhusu Krimea, Wikipedia ya Kiingereza ina makala ya rasi yenyewe, yenye milima na bahari. Nyingine ya Jamhuri ya Krimea, inayohesabiwa na Urusi kuwa sehemu yake tangu Machi 2014. Na nyingine ya Jamhuri ya Kujitawala ya Krimea, iliyomo katika katiba ya Ukraine. Sahara Magharibi ni hivyo hivyo: nchi kavu na jangwa lake mahali pamoja, jamhuri ya Polisario mahali pengine. Wapo wanaosema huu ni woga. Mimi naona ni ustaarabu, maana mlima haujui nani anaudai.

Si kila anayejitangaza anapewa mlango. Orodha ya nchi huru huanza na wanachama wa Umoja wa Mataifa pamoja na waangalizi wake wawili, Vatikani na Palestina, kisha sehemu ya pili ya wanaotambuliwa na angalau mwanachama mmoja, au wanaotimiza vigezo vinavyotokana na Mkataba wa Montevideo wa 1933: watu, eneo, serikali, na uwezo wa kuhusiana na wengine. Katalonia, jimbo la Hispania, haimo. Bunge lake lilipitisha tangazo la uhuru tarehe 27 Oktoba 2017 kwa kura 70, siku hiyohiyo Madrid ikachukua madaraka, na Jumatatu iliyofuata kiongozi wake Carles Puigdemont alikuwa Ubelgiji. Tukio limeandikwa kirefu, nchi haikuorodheshwa. Liberland ya mwaka 2015, kipande cha ardhi kando ya mto Danube, ina makala yake pia, miongoni mwa vijinchi vya kujibunia.

Kwetu katika Kiswahili shida imegeuka. Wahariri ni wachache, hakuna wa kukutengua, na sentensi ya mtu mmoja inaweza kukaa miaka bila kuguswa. Fikiria Nzwani. Kisiwa hicho kilijitenga na Komoro mwaka 1997, kikitaka kurudi chini ya Ufaransa, nayo Ufaransa ikakataa. Baadaye kikarudi ndani ya muungano, kikaasi tena chini ya Kanali Mohamed Bacar, na tarehe 25 Machi 2008, wiki chache tu baada ya Kosovo, majeshi ya Umoja wa Afrika, wanajeshi wa Tanzania wakiwemo, yalitua na kumng'oa. Bacar akakimbilia Mayotte. Waliokuwepo wako hai, wengi wanazungumza lugha hii, lakini masimulizi ya barazani hayakubaliki kuwa chanzo, kinatakiwa kilichochapishwa. Mwenye magazeti ya Machi na Aprili 2008 yaliyofungia vyombo asiyatupe.