Mtoto anataka gemu, kompyuta ina Linux

Kompyuta ya zamani iliyowekewa Linux badala ya Windows haina shida nyumbani, mpaka mtoto aombe gemu.

Gemu nyingi hutengenezwa kwa ajili ya Windows. Hata hivyo, tangu 2018 duka la Steam lina programu iitwayo Proton, inayowezesha nyingi kati ya hizo kuchezeka kwenye Linux bila mzazi kuita fundi.

Tatizo liko kwenye gemu za kushindana mtandaoni. Fortnite, kwa mfano, inagoma kwa sababu wenyewe, Epic Games, hawajauruhusu mfumo wao wa kuzuia udanganyifu ufanye kazi na gemu hiyo kwenye Linux. Kuipakua ni bure, lakini kadi za kununulia vitu vyake si bure. Mtoto akiomba kadi, aulizwe kwanza atachezea wapi.

Kwa gemu ya kulipia, mzazi apitie tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji hueleza ipi inakubali na ipi inasumbua. Ikigoma baada ya kununuliwa, Steam hurudisha fedha ombi likitumwa ndani ya siku 14, gemu ikiwa imechezwa chini ya saa 2. Ijaribiwe mzazi akiwepo. Mtoto akiachiwa Jumamosi asubuhi, saa hizo huisha kabla ya chakula cha mchana.

Wadogo wana SuperTuxKart, mbio za magari zisizolipiwa hata senti.