Karibu Katika Sayansi ya Uraibu

Utangulizi huu nimewaandikia watu wa Korogwe na Handeni: kijana aliyemaliza kidato cha sita na bado anapima asomee nini, muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu wa baiolojia, na mzazi ambaye mwanawe ameingia kwenye unga, yaani heroini, au mumewe amezama kwenye gongo. Nawakaribisha kwenye sayansi ya uraibu, elimu inayochunguza namna kilevi kinavyoufundisha ubongo hadi mtu ashindwe kuacha hata anapotaka. Wengi hudhani elimu hii ni ya maprofesa wa ng'ambo na mashine zao. Ukiwatazama wanaoifanya, utaona ni kazi ya watu wa fani nyingi, na wengi wao ni watu wa aina tuliyo nayo hapa hapa wilayani.

Ushahidi tunao. Kituo cha Korogwe cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilikuwa kimoja kati ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoifanyia majaribio chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Watoto 15,459 walishiriki katika nchi hizo. Dkt. Martha Lemnge na Dkt. John Lusingu ni miongoni mwa wanasayansi walioiongoza kazi ya Korogwe, na wao hawakuwa peke yao. Kazi ya namna ile haiendi bila muuguzi wa kumpima mtoto joto, dereva wa kuzifuata familia vijijini, mtaalamu wa maabara wa kukaa na hadubini, na karani wa kuingiza takwimu bila kukosea. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi. Wilaya iliyoisaidia dunia kuhusu malaria inaweza kuisaidia kuhusu uraibu.

Swali lenyewe

Fani nzima inazunguka swali moja: kwa nini mtu anaendelea kutumia kitu anachojua kinammaliza? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la haraka: hana adabu, hakulelewa vizuri, amerogwa. Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, waliingiza waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya, wakamwachia kitufe cha kujipitishia umeme kidogo. Waya ulipokaa sehemu fulani, panya alikibonyeza mara mamia kwa saa. Ikadhihirika kwamba ubongo una mfumo wake wa kumfanya kiumbe arudie jambo.

Miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akifanya kazi Fribourg nchini Uswisi, alisikiliza seli za dopamini, kemikali ya kupitishia ujumbe, ndani ya ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda. Aliona kwamba seli hizo hazitangazi utamu wenyewe. Zinatangaza tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Mkata mkonge wa Ngombezi anaielewa hesabu hii. Akilipwa ujira aliouzoea hashtuki, ukizidi moyo unaruka, ukipungua ananyong'onyea. Dawa za kulevya huivuruga hesabu hiyo kwa kuipandisha dopamini moja kwa moja, kiasi kwamba ubongo husoma kila mara kuwa malipo yamezidi. Basi kila mara unajifunza upya kuwa jambo hili ni la kurudiwa, na unajifunza pamoja na mahali, saa na watu waliokuwapo.

Mwaka 1993 Terry Robinson na Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliongeza jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa fani hii: katika ubongo, kutamani na kufurahia ni mambo mawili yenye njia tofauti. Tamaa inaweza kukua huku raha ikipungua. Zungumza na mtu wa unga wa miaka mingi, atakueleza kwamba stimu hapati tena. Anatumia asishikwe na arosto, yaani maumivu ya viungo, kutapika, kuhara, baridi na kukesha. Yeye na maprofesa wa Michigan wanaeleza jambo lile lile.

Watu wa kazi hii

Nianze na msaili, kwa sababu bila yeye mashine haina cha kupima. WHO ina dodoso liitwalo AUDIT, maswali 10 kuhusu unywaji, yenye alama kuanzia 0 hadi 40. Anayefikisha 8 huhesabiwa kuwa unywaji wake umeanza kuwa wa hatari. Toleo lake la Kiswahili lilijaribiwa kwa majeruhi waliofikishwa hospitali ya KCMC, Moshi. Swali moja huuliza mtu anakunywa vipimo vingapi kwa siku, na kipimo kimoja ni takriban gramu 10 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu kama 20, basi ni vipimo viwili. Chupa ndogo ya Konyagi ya mililita 200, yenye asilimia 35, inavuka vipimo vitano. Mzee wa kijijini naye atasema amekunywa vikombe viwili vya gongo na chupa ya mnazi. Gongo haina lebo, ukali wake hubadilika kwa mpishi na kwa siku. Msaili mzuri atauliza kikombe ni cha ukubwa gani, atakipima kwa maji, atachukua sampuli ya kilevi ipelekwe maabara, na hayo yote bila kumfanya mzee ajione yuko mahakamani. Asiyejua maisha ya kilabuni hawezi kuifanya kazi hii, hata awe na shahada tatu.

Yuko muuguzi. KCMC, Dkt. Blandina Mmbaga na Dkt. Catherine Staton wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzao, waliandaa huduma iitwayo Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mtu aliyeumia na mwenye tatizo la unywaji huketi na muuguzi kwa mazungumzo mafupi: anakunywaje, pombe imemgharimu nini, yeye mwenyewe anataka kubadili nini. Mazungumzo hayo yamefanyiwa utafiti kwa masharti yale yale ya kisayansi yanayotumika kupima dawa. Aliyewahi kukaa zamu ya usiku hospitali ya Magunga, pikipiki zinapoleta majeruhi, anajua kwa nini utafiti huo unatuhusu.

Kwenye kliniki za methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, muuguzi hufanya kazi nyingine nyeti. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba ubongo una vipokezi ambamo afyuni hunasa. Heroini hufika hapo kwa kishindo na kuondoka baada ya saa chache. Methadoni hufika polepole na kukaa takriban siku nzima, kwa hiyo arosto haiji na mtu anaweza kwenda kazini. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza Tanzania Bara, kazi iliyoongozwa na Dkt. Jessie Mbwambo. Baadaye huduma ikaenea mikoani, Tanga ikiwemo. Mgonjwa huja, muuguzi hupima dozi yake ya maji, naye huinywa papo hapo mbele yake na kusema maneno mawili matatu kuhakikisha ameimeza. Hapo ndipo muuguzi anapoona mikono inayotetemeka, macho yaliyobadilika, na mtu ambaye jana hakuja. Ndizo takwimu za mwanzo kabisa za utafiti.

Yuko mtaalamu wa maabara. Heroini hugeuka mofini mwilini na kuonekana kwenye mkojo kwa siku chache tu, kwa hiyo sampuli iliyochelewa au iliyoandikwa namba ya mtu mwingine inaweza kumgeuza mkweli kuwa mwongo. Karibu yake yuko mtafiti wa vimeng'enya. Katika ini kuna kimeng'enya kinachoitwa CYP2B6, ambacho huvunja methadoni na pia efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika sana nchini. Eliford Ngaimisi na Omary Minzi wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, wakishirikiana na Eleni Aklillu wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walilinganisha Watanzania na Waethiopia na kuonyesha kwamba nasaba na jeni la kimeng'enya hicho hubadili kiasi cha efavirenzi kinachobaki mwilini. Nayo rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha kuvunjwa kwa methadoni. Mgonjwa aliyetulia kwa miezi akianza dawa za TB anaweza kuamka na arosto. Asiyejua kemia hii atamwambia anadanganya apate dozi kubwa; anayeijua atampandishia dozi kwa mpango.

Yuko pia mwelimishaji rika, mtu aliyepitia uraibu akapata nafuu. Mwaka 2005 Sheryl McCurdy na wenzake, akiwemo Profesa Gad Kilonzo wa Muhimbili, waliutangazia ulimwengu kwamba baadhi ya wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijidunga heroini walimpa mwenzao aliyekosa fedha damu yao wenyewe kwa sindano, mara tu baada ya kujidunga, ili kumwokoa na arosto. Kwa kuenea kwa VVU, hatari yake haina kifani. Jambo kama hilo hulipati kwa hadubini wala kwa kamera ya ubongo. Unalipata kwa kuaminiwa na watu wenyewe.

Wa mwisho ni wajumbe wa kamati ya maadili. Utafiti wa uraibu unamgusa mtu ambaye sheria inaweza kumkamata na jirani anaweza kumtenga. Kabla ya kuanza, mtafiti lazima apate kibali. Kwa ngazi ya taifa, kamati hiyo iko chini ya NIMR. Mshiriki aelezwe kwa Kiswahili anachokubali, awe huru kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu, na jina lake lisitembee na majibu yake. Mtafiti anayeona taratibu hizi ni usumbufu hafai kwa kazi hii.

Maswali yanayotungoja

La kwanza ni umbali. Methadoni ya kila siku inamfaa mtu wa Tanga mjini. Mtu wa Mombo, au wa kijiji cha ndani ya Handeni, atapanda gari kila alfajiri kwa nauli ya nani? Je, apewe dozi za kwenda nazo nyumbani, na kwa masharti gani? Ipo pia buprenofini, dawa nyingine ya uraibu wa heroini, ya sindano ambayo hukaa mwilini mwezi mzima. Ingefaa kiasi gani kwa watu wa vijijini? Majibu ya Boston au Dar es Salaam hayatoshi. Lazima yatafutwe huku.

La pili ni pombe. Tunapozungumzia uraibu tunakimbilia unga, ilhali kilevi kinachovunja nyumba nyingi vijijini ni pombe. Hapa naomba kila msomaji ashike jambo moja: mtu anayekunywa sana kila siku asiachishwe ghafla kwa kufungiwa ndani. Ubongo wake umezoea kukandamizwa. Kilevi kikiondoka ghafla, unaweza kulipuka kwa degedege na kuweweseka hadi kufa. Apelekwe hospitali aachishwe kwa dawa na apewe vitamini B1. Familia nyingi zingelijua hili, zingeokoa ndugu zao.

La tatu ni mazingira. Wanajeshi wa Marekani waliotumia heroini Vietnam walipofuatiliwa na Lee Robins miaka ya 1970, ilionekana kwamba kati ya waliokuwa waraibu kule, takriban asilimia 12 tu walirudi kwenye uraibu ndani ya miaka mitatu baada ya kurejea kwao. Waliacha nyuma mahali, marafiki na wauzaji. Kijana wetu anayetoka nyumba ya upataji nafuu hana bahati hiyo. Anarudi kijiwe kile kile, stendi ile ile, kwa watu wale wale ambao ubongo wake ulijifunza pamoja nao. Ni nini basi kimsaidie: kazi, ndoa, msikiti na kanisa, mwelimishaji rika wa kumtembelea? Haya yanapimika, na anayeweza kuyapima vizuri ni mtu anayezijua stendi za Segera na Korogwe.

Ewe kijana unayesoma haya, usingoje mashine kubwa ndipo uanze. Ukipenda kemia, soma famasia au maabara. Ukipenda watu, soma uuguzi, saikolojia au ustawi wa jamii. Ukipenda hesabu, soma takwimu. Fani hii ina njaa ya watakwimu. Mwalimu, wafundishe wanafunzi wako ubongo kwa mifano ya maisha wanayoyaona. Nawe uliyepata nafuu, usidhani huna elimu ya kuchangia: unayo tuliyoitafuta vitabuni bila kuipata. Mlango uko wazi. Ingieni.