Siku Kumi za Kadi ya Manjano

Mamangu alikuwa ameshaaga mtaa mzima. Dua ilikuwa imesomwa, mikate ya sinia imeliwa, na bahasha ya vipimo vyake vya moyo nilikuwa nimeikumbatia mimi mwenyewe tangu Mombasa mjini hadi uwanja wa ndege. Kule India daktari alikuwa akimsubiri. Kijana wa kaunta akafungua kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano, akaikunjua vizuri, akahesabu kwa vidole. Kisha akanitazama mimi, si mama.

"Dada, mama hasafiri leo."

Alichanjwa Jumatano, na siku ile ilikuwa Jumanne. Kliniki tuliyokwenda ilituhakikishia kwamba ukishachanjwa basi, safari njema. Mama aliketi juu ya sanduku lake akaniuliza kosa lake ni nini. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Miaka 19 nimefanya kazi kwa wakala wa meli pale bandarini Kilindini, nimepanda ngazi za meli pamoja na maafisa wa afya wa bandari, na sheria hizi nimeziona zikitekelezwa mchana na usiku. Lakini kadi ya mamangu niliiangalia muhuri tu. Sikuisoma ile safu ya pembeni inayosema kadi inaanza kutumika lini.

Inaanza siku ya kumi baada ya sindano. Watu wengi hudhani sharti hilo ni urasimu, nami naomba tulielewe, kwa sababu hizo siku hazikutungwa ofisini. Mwili ndio unaozitaka. Chanjo hii ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na vikishaingia mwilini kinga huhitaji muda wa kujijenga. Kabla ya siku kumi kutimia, huwezi kusema kwa uhakika kwamba aliyechanjwa amekingika. Zikishatimia, imetosha: tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ile ni ya maisha, hata kama ndani imeandikwa miaka kumi.

Na kwa nini India iwe kali kiasi hicho? Kwa sababu homa ya manjano haijawahi kuota mizizi Asia, ilhali mbu wa kuieneza wamejaa huko. Ni mbu yuleyule mwenye miguu ya madoa meupe, anayezaliana kwenye mapipa na matairi ya nyuma ya nyumba zetu, ambaye hapa Mombasa tunamjua kwa homa ya dengi. Kinachokosekana kule ni mgonjwa mmoja tu wa kumuuma. Mwaka 2016 wafanyakazi 11 waliotoka Angola wakati wa mlipuko walirudi China wakiwa na ugonjwa huo. Bahati ilikuwa upande wa China, haukuenea. Nasi Kenya tumo kwenye orodha ya nchi zenye hatari: ulizuka Bonde la Kerio mwaka 1992, ukazuka Isiolo mwaka 2022. Msafiri anayetoka kwetu bila kadi halali, India humtenga hadi siku sita, kwa kuwa virusi hivi hujificha mwilini siku tatu hadi sita kabla homa haijapanda. Sita ni za ugonjwa, kumi ni za kinga.

Meli nazo zina hesabu zao. Meli inapoingia kutoka nje hupandisha bendera ya manjano tupu, na watu wa pwani wakiiona huogopa, wakidhani ndani kuna tauni. Maana yake leo ni kinyume: nahodha anasema chombo changu ni kizima, naomba ruhusa ya kuingia. Mpaka ruhusa hiyo itoke, hashuki mtu wala hapandi mtu asiyehusika. Siku hizi fomu ya afya ya meli hutangulia kwa mtandao, lakini maswali ni yale yale tisa, na nahodha huyatia sahihi. Kuna aliyekufa safarini kwa sababu isiyo ajali? Wagonjwa wamezidi kawaida? Kuna wazamiaji waliokutwa ndani? Kuna mnyama mgonjwa? Halafu anaorodhesha bandari alizopita, hadi siku 30 nyuma.

Nahodha mmoja aliwahi kujibu "ndiyo". Baharia wake kijana alikuwa na homa na vipele. Afisa wa afya alipanda peke yake, amevaa barakoa na glavu, sisi tukabaki kwenye mashua chini, jua la saa saba likituchoma. Alikaa humo saa mbili nzima. Wenye mizigo walikuwa wakinipigia simu bila kupumzika, maana kila saa ya meli ni pesa. Aliposhuka alituambia ni tetekuwanga. Kijana akabaki kwenye chumba chake, wenzake wakachunguzwa, na jioni ileile winchi zikaanza kushusha shehena. Kama nahodha angeficha, na mgonjwa akagunduliwa meli ikiwa gatini watu wameshachanganyika, tungekaa siku ngapi? Kanuni za Kimataifa za Afya, zilizopitishwa mwaka 2005 na kuanza kazi Juni 2007, zinasema waziwazi kwamba lengo ni kuzuia ugonjwa pasipo kuvuruga safari na biashara bila sababu. Mimi nimeliona hilo likitendeka mbele ya macho yangu.

Ukifika gatini, tazama kamba za kufungia meli. Kila moja imevishwa sahani ya bati, kama kawa iliyolazwa ubavu. Panya anayetembea juu ya kamba hufika hapo akashindwa kupita. Bati lile lina historia, maana tauni hubebwa na viroboto wa panya. Tauni iliyolipuka Bombay mwaka 1896 ilisafiri na meli, na mwaka 1902 ilipoonekana Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto. Unguja, kisiwa cha Changuu kilijengewa gereza mwaka 1893, lakini kikaishia kuwa karantini ya abiria wa melini. Neno lenyewe, karantini, limetoka kwenye arobaini ya Kiitaliano, siku walizongojeshwa mabaharia wa Venice. Wakati ule hakuna aliyejua kiroboto wala virusi. Walichokuwa nacho ni kungoja tu, na wakangoja sana. Sisi tunangoja kidogo kwa sababu tunajua tunachokingoja.

Ndiyo maana hasira hunipanda ninaposikia mtu amenunua kadi iliyopigwa muhuri bila sindano, au amerudishiwa tarehe nyuma ili awahi ndege. Wapo wanaouza, na wanunuzi wapo. Anayenunua hajamdanganya afisa peke yake. Amebeba hatari mwilini mwake na kuipeleka kwa watoto wa watu wasio na kinga. Nenda mapema, hata mwezi mmoja kabla. Na kama mzazi wako amepita miaka 60, daktari amwangalie kwanza, maana kwa wazee chanjo hii ina tahadhari zake. Asiyefaa kuchanjwa huandikiwa barua ya daktari.

Tulirudi nyumbani na sanduku. Majirani waliotuaga walikuja tena, safari hii kutupa pole. Tikiti tulibadilisha kwa pesa tulizokuwa tumeziweka za dawa, na mama alikaa na kifua chake kwa siku nne nilizozihesabu saa kwa saa. Jumamosi siku kumi zikatimia, Jumapili akapanda ndege.

Alinipigia simu kutoka Mumbai, sauti imechoka. Nikamuuliza kama wamemsumbua.

"Hata," akasema. "Bwana mmoja kaishika kadi, kaiwekea kidole pale pembeni kwenye tarehe, kanirudishia. Mwanangu, hata usoni hakunitazama."