Kuvuta Motokari Iliyokufa Njiani

Ndugu watumikaji na mama wa nyumba, wengi wenu mumekwisha kuona jambo hili katika njia ya Likasi na Lubumbashi: motokari moja imekufa, ingine inaivuta kwa kamba, magurudumu yote ine chini, na watoto wamejaa ndani ya ile ya nyuma. Watu wanaona ni msaada tu. Ni msaada, lakini ni kazi ya hatari.

Moteri ikizimika, freni haifi, lakini msaada wake unakwisha. Ukikanyaga mara mbili ao tatu, pedali inakuwa nguvu kama jiwe, na lazima kukanyaga kwa nguvu yote ya mguu. Usukani vilevile unakuwa muzito. Kwa hiyo anayekaa katika motokari inayovutwa awe shofa wa kweli, si mtoto wa miaka 14 anayejua kushika usukani tu. Na ufunguo usitoke mahali pake! Ukiutoa, usukani unaweza kujifunga katika mwendo.

Kamba ao fimbo ya chuma? Fimbo ni bora. Kwa kamba, yule wa mbele akisimama kwa ghafla, yule wa nyuma anamugonga. Freni ikiwa imeharibika, kamba ni marufuku kabisa. Motokari ipandishwe juu ya kamiyo. Huko Marekani wanaosafiri na nyumba za magurudumu huvuta motokari ndogo nyuma yao: wanatumia fimbo, wanaongeza minyororo ya akiba, na wengi wanatia chombo cha kufunga freni za ile ya nyuma. Nao hawarudi kinyumenyume, kwa sababu magurudumu ya mbele ya ile inayovutwa yanapinda ovyo.

Fungeni kwenye pete ya kuvutia iliyotengenezwa na fabriki, hapana kwenye paroshoki wala vyuma vya usukani. Katikati ya kamba tundika kitambaa chekundu. Taa za hatari ziwake. Mwendo uwe wa polepole, na anayevuta aanze taratibu mpaka kamba inyooke, bila kushtua.

Angalisho kwa motokari automatiki, hasa zile za usukani wa kuume zinazotoka Japani. Moteri ikilala, pompi ya mafuta ya vitesi hailishi kitu. Ukiivuta magurudumu yakiwa chini, sanduku la vitesi linaweza kuungua, hata ukiweka vitesi huru. Kamiyo ni garama, lakini sanduku jipya ni garama zaidi.

Sasa neno la dispansere. Mtu asisimame katikati ya motokari mbili, hata dakika moja ya kufunga kamba, kama shofa hajazima moteri na kukaza freni ya mkono. Mguu unaobanwa kati ya paroshoki mbili unavunjika. Na kamba ao kabo ikikatika inarudi kama fimbo: inaweza kupofusha jicho, na kipande cha chuma kinachoruka nayo kinaweza kuua. Watazamaji wakae mbali, kupita urefu wa ile kamba, na wasiwe mbele wala nyuma yake.

Mtu akiumia, damu ikitoka, kandamizeni kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Akilalamika shingo ao mgongo, musimwinue wala kumukalisha. Musimamishe njia, mwite msaada, na mumufunike asipatwe na baridi.