Je, Wajua? Mchezo Uliolipiwa Unaweza Kufungwa

Mkazi wa Bunia anayelipia mchezo wa video katika duka la intaneti hanunui mchezo wenyewe, bali leseni, yaani ruhusa ya kuutumia, ambayo mwenye mali anaweza kuiondoa. Mwezi Mei 2024, kampuni ya Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2, mchezo uliotoka Februari mwaka huohuo, kwenye kompyuta wangelazimika kuwa na akaunti ya PlayStation Network, huduma isiyotolewa rasmi katika nchi nyingi, Kongo ikiwa miongoni mwao. Duka la Steam likasitisha mauzo yake katika nchi zaidi ya 170, na waliokwisha kulipa wakabaki na hofu ya kufungiwa nje. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba baada ya siku chache sharti hilo liliondolewa. Wanunuzi wa mchezo mwingine, The Crew, hawakupata bahati hiyo: mwishoni mwa Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva, yaani kompyuta kuu zilizouendesha mchezo huo, nao ukafa hata kwa mwenye diski, ambayo wengi huidhani kinga. Tangu Januari 2025, sheria ya California inayataka maduka ya intaneti yamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni leseni tu.