Kadi Kongwe, Kingo Changa

Mkusanyaji mzoefu wa kadi za besiboli nchini Marekani akipewa kadi ya zamani, hashughuliki kwanza na sura ya mchezaji. Huiinua hadi usawa wa jicho, akaiinamisha kidogo kidogo chini ya taa mpaka mwanga uteleze juu yake. Anatafuta mkunjo uliobanwa ukafichika, rangi iliyopakwa juu ya rangi, au kona iliyojengwa upya kwa gundi na nyuzi za karatasi. Kisha hukagua kingo, mmoja baada ya mwingine. Kingo za kadi iliyopitia mikono ya watu kwa miaka 100 huwa zimechakaa pamoja na uso wake. Uso ukiwa umepauka na ukingo mmoja umenyooka, mkali na mweupe, basi wembe umepita hapo.

Ukaguzi huo haumkasirishi muuzaji; kwa watu hawa ni sehemu ya maamkizi. Jamii ya wakusanyaji ina adabu zake, na zinaonekana wazi katika maonyesho yao makubwa ya kila mwaka, yaliyoanza mwaka 1980 mjini Los Angeles. Kadi hushikwa kwa kingo, uso wake hauguswi. Huitoi kwenye kifuko chake kabla ya kuomba ruhusa. Watu wawili wakiwa katikati ya mapatano, wa tatu hasogei na bei yake. Bei ikikubaliwa, watu hupeana mikono, na anayegeuka baada ya hapo jina lake huharibika ukumbi mzima kabla ya jua kutua.

Adabu hizi hazikuwapo tangu mwanzo. Kati ya 1909 na 1911, kampuni ya American Tobacco ilitia kadi za wachezaji ndani ya pakiti za sigara. Kadi iliifanya pakiti isibonyee na ilimvuta mnunuzi arudi. Watoto waliwavizia wanaume milangoni mwa maduka wakiwaomba kadi hizo. Baadaye zilihamia kwenye pakiti za ubani wa kutafuna, na watoto wakazifunga mafungu kwa kamba za mpira, wakazichezea kamari ndogondogo, wakazibana kwenye spoku za baiskeli ili zitoe mlio. Hata Jefferson Burdick, mtu wa Syracuse anayeheshimiwa kama baba wa ukusanyaji huu, aliyeziorodhesha kadi za Marekani na kulipa toleo lile la sigara jina la T206, aliutumia mwisho wa maisha yake kuzibandika kadi zake kwa gundi kwenye kurasa za albamu za jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Za besiboli peke yake zilizidi 30,000. Leo mkusanyaji akiona mtu anatia gundi mgongoni mwa kadi ya T206, atapiga ukelele.

Kilichobadili mambo ni fedha, na fedha zilikuja na alama. Tangu 1991, kampuni ya PSA na nyingine zilizoifuata hupokea kadi, huikagua, huipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye kibandiko. Katikati ya alama moja na inayofuata bei inaweza kuruka mara kadhaa. Kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyotolewa na kampuni ya Topps, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022 ikiwa na alama 9.5; kadi hiyohiyo, mchoro uleule, ikiwa imechakaa, huuzwa kwa makumi ya maelfu. Mnunuzi halipii tena sura ya Mantle pekee. Analipia kona nne.

Hapo ndipo jamii ililazimika kujiwekea halali na haramu. Kuiloweka kadi ya zamani kwenye maji safi ili karatasi ya albamu iliyoganda mgongoni ibanduke, wengi wanakubali. Kufuta alama ya kidole kwa kitambaa laini, hakuna neno. Kufuta maandishi ya penseli ya mtoto wa miaka ya 1950 kunabishaniwa. Kukata kingo, kung'arisha karatasi kwa dawa, kupaka rangi, kulainisha mikunjo kwa mvuke na mgandamizo, kujenga kona: hizo ni haramu, na kampuni za upimaji zikizigundua huinyima kadi namba, zikaandika tu kwamba ni halisi lakini imefanyiwa marekebisho. Hata hivyo kadi ya aina hiyo huuzwa bila mtu kulaumiwa, alimradi muuzaji aseme. Dhambi yenyewe ni kunyamaza.

Ukimya maarufu kuliko wote ulihusu kadi ya mchezaji Honus Wagner wa Pittsburgh, kutoka T206. Wagner alikataa kadi yake isambazwe. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema hakulipwa. Uchapaji ukasimamishwa, na zinazojulikana leo hazifiki mia. Mwaka 1985, mkusanyaji aliyeitwa Bill Mastro alinunua mojawapo kwa dola 25,000. Miaka miwili baadaye aliiuza kwa dola 110,000. Mwaka 1991 mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mshirika wake Bruce McNall waliinunua mnadani Sotheby's kwa dola 451,000, na PSA, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza, ikaipa alama 8. Hakuna Wagner mwingine aliyekuwa safi kiasi hicho. Mwaka 2007 ilifika dola milioni 2.8 mikononi mwa Ken Kendrick, mmiliki wa timu ya Arizona Diamondbacks.

Minong'ono ilikuwapo miaka yote hiyo: kona zile ni kali mno kwa karatasi ya zama zile. Mastro wakati huo alikuwa mfalme wa minada ya vitu vya michezo, akiendesha kampuni yake nje kidogo ya Chicago, na maneno ya wadogo hayakufika mbali. Oktoba 2013 alikiri mbele ya mahakama ya shirikisho kosa la ulaghai kwa njia ya posta. Kesi hasa ilihusu zabuni za uongo zilizowekwa ili kupandisha bei katika minada yake. Lakini ndani ya maungamo hayo alikubali pia kwamba aliikata kadi ya Wagner kwa mashine ya kukatia karatasi, akaiuza bila kusema. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na jamii hii ilijua siku ile kwamba mharibifu wake alikuwa mtu iliyemkalisha mezani pa wakuu.

Kizazi kilichokuja na michezo ya kadi ya Magic na Pokémon kilirithi mapenzi na hila pamoja. Mwaka 1993 Magic ilikuwa na toleo maalumu la wakusanyaji, lenye kona za pembe kali na mgongo tofauti, ambalo haliruhusiwi mashindanoni na bei yake ni ya chini. Walaghai huzizungusha kona zake, wakaung'oa mgongo na kubandika mgongo wa kadi halisi ya bei rahisi, na mwenye tamaa akaiona kadi ya maelfu ya dola. Kwa upande wa Pokémon, pakiti za zamani hupimwa kwenye mizani ndogo, kwa kuwa kadi yenye karatasi ya kumetameta ni nzito kidogo. Nzito huuzwa ghali, nyepesi huachiwa mnunuzi asiyejua. Mwanzoni mwa 2022, Logan Paul, mtu maarufu wa video za mtandaoni, alifungua sanduku alilonunua dola milioni 3.5 akiamini limejaa pakiti za Pokémon za toleo la kwanza. Ndani alikuta kadi za G.I. Joe. Sanduku lile lilikuwa limethibitishwa na wakaguzi, na hao pia walidanganyika.

Walinzi wa jamii hii wengi hawana ofisi. Wanatumia kikuza cha sonara, kwa sababu kadi halisi ya ofseti hujaa vitone vya rangi vilivyopangika, na nakala ya kompyuta huvivuruga. Wanatumia taa ya urujuanimno, kwa kuwa karatasi ya kabla ya miaka ya 1940 haina dawa ya kung'arisha, na kadi inayojidai ni ya 1910 ikiwaka buluu gizani imejifichua. Zaidi ya yote wana kumbukumbu. Wanahifadhi katalogi na picha za minada ya zamani, na mwaka 2019 walizilinganisha kadi kwa kadi: kitone kilekile cha wino kilichopotea njia, unyuzi uleule wa karatasi, ila safari hii kadi ni nyembamba kidogo na alama yake imepanda. Mamia ya kadi zilianikwa hivyo.

Anayeanza huusiwa neno moja na wakubwa wake: nunua kadi, usinunue kasha. Usia ni mzuri, lakini bei zinahubiri kinyume chake, na bei zina sauti kubwa. Jamii iliyotaka karatasi ya miaka 100 isiwe na dalili ya kuguswa ndiyo iliyowalipa watu waiguse. Maadamu nusu alama ina thamani ya nyumba, kitapatikana kiganja cha kushika wembe, na taa mpya itakutana na dawa mpya.

Lipo kundi dogo lililojitoa kwenye mbio hizo. Wanakusanya kadi zilizotobolewa kwa pini, zilizoandikwa jina la mtoto kwa wino, zenye kona za mviringo kwa kuchakaa mifukoni. Wenzao huwacheka kidogo. Lakini kadi za aina hiyo hazina haja ya taa wala kikuza, kwa kuwa hakuna mlaghai anayepata faida kwa kuziacha jinsi zilivyo.